Tangawizi Ambayo Haikuwemo

3 Februari

Mwanangu Kijiko,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama barua haijafika. Sisi huku wazima. Mguu wangu unauma mvua ikikaribia, kwa hiyo ukiona sijautaja ujue jua linawaka. Mshonaji jirani amepata mjukuu wa pili, wa kike, analia kwa sauti nzito kama mzee. Bomba la uani wamelitengeneza. Habari ndizo hizo.

Sasa mashine yako. Imefika salama. Nilipofungua boksi nilidhani umenitumia pasi ya nywele, nikacheka peke yangu, nywele zenyewe ziko wapi. Mshonaji akaja, tukasoma karatasi ya maelekezo, yeye ana miwani, mimi nina akili. Unatia chakula mfukoni, unalaza mdomo wa mfuko penye ule ukanda, unabana kifuniko kwa mikono miwili. Inanguruma, inafyonza hewa yote mpaka mfuko unashikana na nyama kama ngozi yake, halafu inauchoma mdomo, umezibika. Nilianza na maharage makavu, yakawa tofali. Nikafunga majani ya chai. Nikafunga sabuni. Mshonaji akaniambia, "Dada, mwisho utajifunga na wewe mwenyewe."

Aibu ilikuja Ijumaa. Nilitia supu ya moto. Mashine ikainywa yote, ikakohoa, ikazima. Nimeikausha juani siku mbili, imepona.

Nampa dereva wa lori la kambi yenu, yule anayecheka kabla hajasema jambo, pakiti mbili za nyama na mbili za maharage, ndani ya boksi la barafu. Anasema siku moja na nusu atakuwa kwenu. Wewe unapikia wajenzi mia mbili wa bwawa kila siku, sijui kwa nini nakutumia chakula. Kula tu. Na uandike, kwa kuwa simu ya ofisini mmekatazwa mpaka mtu afe.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima. Huku vumbi tu, na milipuko ya kupasua mwamba mara mbili kwa siku, tukikaa mezani vikombe vinacheza. Chumbani tunalala wawili, mimi na fundi wa jenereta. Anakusalimu. Amekula maharage yako akauliza kama una binti.

Nimecheka mpaka machozi habari ya supu. Sikiliza: kitu chenye maji kigandishe kwanza kwenye bakuli, kikiwa barafu ndipo ukifunge. Mdomo wa mfuko uufute, ukiwa na mafuta au maji hauzibiki vizuri. Chenye mfupa, mfupa uviringishie karatasi nene ya jikoni, la sivyo unatoboa mfuko, hewa inaingia nawe huoni. Na usidhani mashine inaondoa haja ya baridi. Bila friza ni kazi bure. Pakiti ikivimba, tupa, usiihurumie.

Likizo imesogezwa. Walisema Machi, sasa wanasema labda katikati ya mwaka.

Kijiko wako


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako siku ya kufua, nikaisoma na mikono imejaa povu, ndiyo maana nakuandikia nikiwa sina hakika na mstari mmoja. Labda katikati ya mwaka, au katikati ya wiki? Basi, wakubwa wa kazi ndivyo walivyo.

Mjukuu wa mshonaji ameanza kucheka. Paka wa ghorofani amehamia kwangu bila kuaga.

Nimefuata maelekezo yako yote. Supu nimeigandisha kwenye bakuli lako la zamani, lile la kijani. Nilipoitoa imekaa kama nusu ya mpira, nikaifunga, mashine haikulalamika. Unajua Ijumaa bado napika sufuria ile ile? Miaka thelathini ya jiko la shule imeniharibu mkono, siwezi kupika kidogo. Zamani ulikuwa unaimaliza wewe.

Nakutumia supu, nyama ya vitunguu na maharage ya nazi. Nataka kusikia yote. Chumvi? Kitunguu kimefika au nimekitoa mapema? Wewe ndiye uliyekuwa ukizunguka nyuma yangu na kijiko tangu baba yako, kaka yangu, aliponiachia wewe ukiwa na miaka mitano. Uliwahi kunirudishia sahani kwa ajili ya punje moja ya kitunguu saumu iliyoungua. Watu walisema nakudekeza. Mimi nilisema huyu ana pua, mwacheni.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Natumaini mguu umepoa. Chakula kimefika kizima, barafu haijayeyuka hata kidogo. Kila kitu kilikuwa kitamu sana. Asante.

Kazi nyingi, wameongeza wajenzi arobaini. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Kijiko


9 Mei

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Nakushukuru kwa barua, ingawa ilikuwa fupi kama risiti. Huku mvua imepita. Paka amezaa, sasa tuko sita ndani. Mshonaji ameomba nimfungie nguo za mtoto mashineni zisiliwe na nondo, tukafunga gauni likawa jembamba kama karatasi. Tulicheka mpaka mume wake akaja kuuliza kuna nini.

Kitamu sana. Nimelisoma neno hilo mara kadhaa. Hukusema chumvi. Hukusema kitunguu. Labda ni uchovu.

Safari hii nakutumia kuku wa tangawizi, yule wa siku ulipomaliza shule. Ninachotaka ni jambo moja tu: niambie tangawizi imezidi au imepungua.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Hongera kwa watoto wa paka. Huku hatuna paka, tuna fundi wa jenereta, naye anakoroma kama mashine zake.

Kuku nimempata. Tangawizi iko sawasawa, haikuzidi wala kupungua. Nilipokata mfuko tu harufu ilijaa chumba kizima, nikawa kama nimesimama jikoni kwako. Mkono wako ni ule ule.

Likizo ya katikati ya mwaka nimempisha mwenzangu, mkewe anajifungua. Nitaomba nyingine.

Kijiko wako


22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Paka wamegawanywa, amebaki mmoja.

Dereva anasubiri nje, injini inawaka. Nimekuwekea samaki wa nyanya na ndimu, pakiti tatu. Swali sina.

Shangazi yako


26 Juni

Kijiko, salamu baadaye. SAMAKI USIMLE. Mume wa mshonaji ametoka safarini leo, amelikuta lori la kambi limelala barabarani na gurudumu nje tangu juzi, boksi langu liko juani, maji yanachuruzika. Na jambo jingine, mifupa sikuiviringishia karatasi. Sikuiviringishia. Watupe wote, hata pakiti inayoonekana nzima. Barua hii nampa mhandisi anayekuja huko na gari dogo, ameahidi kukufikishia mkononi. Nimekwenda posta kuomba wakupigie ofisini, simu inaita tu.

Tupa, mwanangu. Usionje.


4 Agosti

Mwanangu,

Wiki sita sasa tangu samaki waondoke. Dereva amepita mara mbili, nimemuuliza, hakucheka. Alisema, "Mama, yuko hai, mengine atakuambia mwenyewe." Nikamwambia hayo si majibu ya kumpa mtu mzima. Akaangalia viatu vyake.

Sitaki habari ndefu. Andika neno moja, andika hata jina lako tu, nione mwandiko.

Shangazi yako


11 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe. Barua hii nimeianza mara nne, na tatu ziko chini ya godoro.

Samaki nilimla. Lori lilifika jioni ya tarehe ishirini na sita, dereva amechoka, akaniachia boksi mlangoni mwa jiko akaenda kulala. Niliona barafu imekuwa maji. Mpishi yeyote angeona hapo hapo. Lakini mifuko haikuwa imevimba, na ilikuwa imetoka kwako. Kesho yake mchana nikawapasha moto, nikawapeleka chumbani nile na fundi. Yeye alikuwa ananawa mikono, mimi nikaanza. Nilikuwa nimefika nusu ya wa kwanza alipoingia. Akasimama mlangoni, akaziba pua na taulo.

"Nini kimekufa humu?"

"Kaa ule," nikamwambia. "Samaki wa shangazi."

Akasogea, akaiangalia sahani, akaniangalia mimi. Akasema polepole, "Wewe mpishi. Hunusi?"

Nilikuwa na tonge mdomoni na sikuweza kulimeza wala kulitema. Akanipokonya sahani akaitupa nje na samaki wote, kisha akakaa kitandani kwake, akaniuliza tangu lini.

Tangu Oktoba, Shangazi. Ile homa niliyokuandikia kuwa ni mafua tu. Nililala siku nane. Nilipoamka nikaenda jikoni, nikanywa kahawa, nikamgombeza mama wa vyombo kuwa ametuletea maji ya moto matupu. Akaninyooshea kikombe puani. "Ni kahawa, bosi." Ilikuwa maji ya moto matupu.

Ulimi unajua chumvi, sukari, ndimu na pilipili. Vingine vyote ni kama kutafuna kitambaa. Miezi yote hiyo nimepika kwa saa ya ukutani na kwa kumbukumbu. Nilikuwa namwita mama wa vyombo aonje, najifanya namfundisha kazi. Nikisema "Unasemaje, kitunguu tayari?" anajibu, nami natikisa kichwa kama mwalimu.

Niliumwa siku nne, za aibu, sitakueleza. Siku ya tano nikaenda kwa mkuu wa kambi kabla habari haijamfikia, nikamwambia mwenyewe. Akasema, "Watu mia mbili na arobaini. Ungeweza kuniulia watu wote hao." Nikasema najua. Barua yako ya tarehe ishirini na sita mhandisi alinipa tarehe mbili Julai, aliisahau kwenye koti.

Kuku wako wa Mei sikumnusa. Nilikudanganya. Ulinifundisha kufumba macho na kusema kitunguu kimefika wapi, nikiwa sijui hata kusoma saa. Ningekuambiaje?

Mtoto wako


29 Agosti

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku tano. Mshonaji alitaka kunisomea akidhani macho yamegoma. Nikamwambia macho hayana shida.

Na mimi nina la kukuambia, kaa chini.

Kuku wa Mei hakuwa na tangawizi. Hata chembe. Nilimpika kwa chumvi na kitunguu, nikaziba mfuko, nikakuandikia yale maneno. Nilikutegea mtego, mimi niliyekulea. Tangu Aprili nilihisi kuna kitu, kwa sababu mtoto wangu hawezi kula vyakula vitatu akavisifu vyote kwa neno moja. Barua yako ilipofika, ile ya harufu kujaa chumba kizima, niliisoma uani. Nikaikunja, nikaanua nguo zote kamba nzima, zilikuwa bado zinatiririka maji.

Nilijua, Kijiko. Juni nilikuwa najua kabisa kwamba pua yako haifanyi kazi. Na nikakutumia samaki. Chakula pekee ambacho mtu anategemea pua imwokoe, ndicho nilichokutumia, kwa lori, kwenye jua.

Unataka kujua kwa nini sikuiviringisha mifupa? Nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni, kama ameona mimi si mtu wa kuambiwa, basi. Niliwasukumia samaki mifukoni kama mtu anayefungasha mizigo ya mgeni aliyekaa mno. Nikaziba, nikampa dereva, nikaandika mistari miwili. Ulipokuwa mdogo nikikasirika nilikuwa sipiki, nakupa mkate mkavu, kwa sababu najijua. Safari hii nilipika.

Kwa hiyo usinipe mimi pole, na samahani yako iweke. Ungekufa ningesema nini, kwamba nilitaka tu useme mwenyewe?

Niambie umefukuzwa au vipi. Niambie unakula nini. Niambie ukweli hata kama ni mbaya, ndiyo maana ya barua kuwa na bahasha.

Shangazi yako


20 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimempa fundi aisome, nimsikie mtu mwingine akiisoma. Aliposoma habari ya tangawizi alipiga kelele, "Huyu mama ni polisi!" Kisha akafika kwenye mifupa, akanirudishia karatasi.

Sikukasirika. Nilijaribu siku mbili, ikashindikana.

Sikufukuzwa. Jiko wamempa mama wa vyombo. Anapika vizuri, na ananiita bosi bado, nikimkataza anasahau makusudi. Mimi nimewekwa ghalani. Nyama inakuja kwa mafungu makubwa, mara moja kwa wiki mbili, na kila mara robo ilikuwa inaharibika. Nikamwomba mkuu mashine ya kufyonza hewa, kubwa kuliko yako, inafunga mifuko minne kwa mara moja. Sasa nakata nyama mafungu ya siku, naiviringisha mifupa, nafuta midomo ya mifuko, naandika tarehe kwa wino mzito. Kwa kazi hiyo macho na vidole vinatosha. Baridi ya chumba kile ni kali, natoka nje mashavu yamekufa ganzi, najisikia nimefanya kazi ya haki.

Daktari aliyekuja kukagua kambi amesema wengine pua inawarudia, wengine hairudi. Hakuniahidi kitu.

Nimepewa likizo, siku kumi na nne, kuanzia tarehe kumi Oktoba. Safari hii sijampisha mtu. Lakini nikuambie ninachoogopa, uniambie kama ni ujinga. Kila nilipokuwa nikirudi nyumbani, toka shule, toka hotelini mjini nilikokuwa napika, nilikuwa najua nimefika kabla sijaona mlango. Kwenye ngazi tu, hatua ya sita au ya saba, ilikuwa inanipata: sabuni, mafuta ya taa ya zamani, kitu chako kilicho jikoni. Miezi mitano ya kwanza huku nilikuwa nikifumba macho naipata yote. Sasa nikifumba macho sipati. Nimesahau ilivyo. Naogopa nitapanda ngazi zote, nitasimama mlangoni, na itakuwa mlango tu.

Kijiko


2 Oktoba

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Natumaini barua hii itakuwahi, dereva ameapa, na amecheka alipoapa.

Si ujinga. Nami sina dawa yake. Utapanda ngazi na labda itakuwa mlango tu. Basi nitakuwa nimekaa nje, juu kabisa, kwenye kigoda, na ukifika hatua ya saba nitaanza kukuambia. Nitakuambia mshonaji ameunguza kitambaa kwa pasi tena. Nitakuambia chumba cha pili wamepaka rangi. Nitakuambia yote mpaka uingie.

Kuna jambo sikukuambia. Tangu Februari, Ijumaa nyingi nilikuwa naweka sahani yako. Zile nilizompa dereva ni chache. Nyingine nilizifunga, nikaandika tarehe, nikazipanga kwenye friza. Jumatatu nilizitoa kuzihesabu, pakiti kumi na tisa. Nyama, supu, nyama, maharage. Zote zimebanwa vizuri, hakuna hata moja iliyovimba, na mfupa hakuna uliotoboa. Nilizipanga mezani, nikaona ni Ijumaa kumi na tisa nilizokula peke yangu nikijidanganya kwamba nakuwekea.

Nimemwita mshonaji, mume wake, binti yake na yule mtoto mwenye sauti ya mzee. Tumekula wiki nzima, asubuhi, mchana na jioni. Mume wake anasema hataki kuona maharage mpaka mwakani. Jana tumemaliza ya mwisho. Friza nimeichomoa, nimeifuta kwa maji ya ndimu, mlango nimeuwekea kipande cha ubao usijifunge, na paka amelala ndani.

Sijakupikia kitu, Kijiko. Vitunguu viko mezani, havijamenywa. Utasimama karibu yangu uvikate, mimi nitakuambia vimefika wapi, na ukiona nimekosea useme.

Njoo na njaa.

Shangazi yako